Mtabiri wa Ligi ya Sosiani

Wiki jana tulimwacha Cyril Otiende amelazwa kifudifudi kando ya msumeno wa mbao kule Cheptiret, mkono wake wa kulia umefungwa kamba juu ya meza, na Mzee Wanyoike akimwambia mpwa wake neno moja tu.

"Washa."

Waweru akawasha.

Najua wengi wenu mlishamkata Cyril mkono siku ile ile. Mama mmoja wa Langas alinitumia ujumbe akanilaani, eti nina roho mbaya. Mama, roho mbaya ni ya Wanyoike. Mimi nasimulia tu.

Msumeno ulinguruma ukashika kasi, meno yake yakapotea machoni. Waweru akaanza kuisukuma meza. Cyril akahisi upepo wa chuma kwenye kucha zake, akajaribu kukunja vidole, kamba ikakataa. Meno yakakifikia kidole cha kati. Ukucha ukaruka pamoja na nyama yake, damu ikachora mstari kwenye shati la Waweru, na Cyril akapiga yowe ambalo mwenyewe hakulitambua.

Kisha stima zikapotea.

Ndiyo, stima! Zile zile tunazozitukana kila wiki. Msumeno ukalegea, ukalia kama paka, ukasimama kabla ya kuufikia mfupa.

"Jenereta," Wanyoike alisema, bila hata kupandisha sauti.

"Mzee, jenereta haina mafuta. Ulisema ninunue, halafu ukapiga simu ukasema nisinunue."

"Mafuta iko kwa pikapu. Enda unyonye na mpira. Haraka!"

Waweru akatoka mbio. Cyril akabaki na Wanyoike, damu ikidondoka kwenye unga wa mbao.

Kwa wewe unayeanza nasi leo, sikiza haraka kabla Waweru hajarudi. Ligi ya Sosiani ni ligi ya mpira wa kikapu isiyo na mpira wala kikapu. Yote imo ndani ya kompyuta ya Madam Jeruto, mwenye cyber pale mjini Eldoret. Watu wazima, wenye biashara zao na wake zao, wanamiliki timu humo. Kompyuta inacheza, wao wanapiga kelele. Kila mwaka Jeruto anaingiza wachezaji wapya, na wenye timu wanawachagua kwa zamu, aliyeshika mkia akianza. Kabla mchezaji hajachaguliwa, hakuna anayeiona sura yake. Mnapewa jina moja, urefu, mkono anaotumia na uwezo wake, basi.

Cyril ni fundi wa simu, lakini sifa yake mjini ni kutabiri nani atachaguliwa na nani. Chaguo la kwanza hajawahi kulikosa. Imefika mahali wenye timu wanauchukua utabiri wake kama amri, maana ukienda kinyume cha Cyril halafu ukafungwa, grupu la WhatsApp litakucheka mpaka Krismasi.

Na Wanyoike? Mwanawe Kevin alikuwa mchezaji wa kikapu wa kweli, wa jasho na viatu. Aligongwa na gari hapo hapo Cheptiret siku ya mvua kubwa, gari likakimbia, na mpaka leo halijulikani. Mwaka huu Jeruto akatangaza kwamba atamwingiza marehemu kati ya wachezaji wapya, kwa heshima yake. Wanyoike, asiyejua hata kutuma picha, akanunua timu upesi. Shida ni kwamba chaguo lake ni la pili. La kwanza ni la Kipkirui, mwenye bucha pale Munyaka, na Cyril alikuwa amekwisha tabiri mbele ya mji mzima: wa kwanza ni Kevin, anakwenda kwa Kipkirui.

Sasa umeelewa kwa nini fundi wa simu amefungwa kwenye meza ya mbao.

"Andika kwa grupu umebadilisha mawazo," Wanyoike alisema. "Sema Kevin hafai. Sema Kipkirui achukue mwingine."

"Mzee, nikidanganya mara moja tu, nani ataniamini tena?" Cyril alijibu. "Si umwombe tu Kipkirui akuachie? Ni kijana wako, atakubali."

"Nimwombe? Mimi, nimwombe mtu wa matumbo mtoto yangu?"

Akaokota ubao, akampiga nao mgongoni. Ubao ukapasuka. Akaokota mwingine.

"Kijana alikuwa ananiambia, baba, Saturday tuko na game. Kila wakati. Baba, Saturday. Mimi namwambia niko na mbao. Sikuenda. Hata moja. Sasa atacheza kwa timu yangu na nitakuwa hapo nikimwona. Wewe fundi wa simu utanizuia?"

Ubao wa pili ukampata Cyril begani. Nikuambie ukweli, msomaji wangu, nilimhurumia Wanyoike kwa maneno yale. Huruma hiyo ikaisha alipookota ubao wa tatu.

Huku nje, Waweru alikuwa amechuchumaa kando ya pikapu, mpira wa kunyonyea mafuta mdomoni, aliposikia hatua nyuma yake. Hakuwahi kugeuka. Gongo la saiprasi lilitua kwenye taya, akameza petroli na meno yake ya mbele kwa pamoja, akaanguka akitapika.

Aliyelishika gongo hilo alikuwa Lynette, mke wa Cyril.

Ukiolewa na fundi wa simu, unajifunza kuitafuta simu ilipo. Lynette alikuwa ameifuata ya mumewe kutoka mjini mpaka Cheptiret juu ya boda boda, na alipolisikia lile yowe hakungoja kuuliza. Alimruka Waweru, akaingia ndani na gongo lake, akamkuta Wanyoike amempa mgongo.

Akampiga kichwani.

Wanyoike akapiga magoti. Lynette akaifikia meza, akaanza kuifungua kamba kwa meno na kucha.

"Baba Adero, inuka! Inuka twende!"

"Lynette, nyuma!"

Alichelewa. Wanyoike alikuwa amekwisha simama, damu ikimtoka sikioni, panga mkononi. Alizishika nywele za Lynette akazizungusha kwenye ngumi, akambamiza uso kwenye ukingo wa meza. Akambamiza tena. Cyril aliuona mdomo wa mkewe ukipasuka karibu kabisa na macho yake, akalia kama mtoto.

"Mwachilie! Mzee, mwachilie, nitaandika!"

"Nini?"

"Nitaandika! Chochote unataka!"

Wanyoike akapumua. Akamwita Waweru, ambaye aliingia akiyumba, kidevu kimejaa damu, mikono ikinuka petroli. Wakamfungua Cyril. Na pale pale alipotoka Cyril, kwenye kamba ile ile yenye damu yake, wakamfunga Lynette.

"Usiandike," Lynette alisema kwa midomo iliyovimba. "Hawa watatuua tu hata ukiandika."

Waweru akamchapa kofi. Cyril akaichukua simu.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu balaa lote la leo limetoka hapa.

Huwezi kuwaambia watu waache embe bila kuwaonyesha lingine. Cyril alihitaji jina ambalo Kipkirui angeliamini. Akawapitia wachezaji wapya kwa kidole kizima, kioo kikijaa damu, akikifuta kwenye suruali.

"Huyu," akasema. "Kiprop. Anaruka kuliko wote. Free throw zake ni mbaya sana, lakini hiyo naweza kuwaambia inafundishika. Anatumia mkono wa kushoto, na kushoto inasumbua sana kumkaba. Wataamini."

"Kushoto?" Wanyoike alitabasamu kidogo. "Hata Kevin alizaliwa nayo. Nilimtoa hiyo tabia na kiboko akiwa mdogo. Kijana akawa wa kulia, wa kula vizuri, wa kuandika vizuri."

"Huyu Kevin hapa pia ni wa kulia."

"Si nimekuambia? Basi wape hiyo takataka ya kushoto."

Cyril akaandika. Aliandika vizuri sana, masikini, kwa sababu mkewe alikuwa mezani. Alisema ameangalia tena, Kevin anachoka mapema, na mwenye akili atamchukua Kiprop. Akatuma.

Grupu likalipuka. Wengine walicheka, wengine walitukana. Kisha akajibu Kipkirui mwenyewe: "Asante Mtabiri umeniokoa. Huyo Kevin hata sikuwa namtaka kwa timu yangu. Ni Kiprop."

Cyril akausoma ujumbe ule mara mbili. Mtu anamkataa mchezaji bora wa mwaka, tena kwa furaha? Kwa nini? Lakini hakupata nafasi ya kuwaza. Wanyoike alimvuta shati akamsukuma nje.

Mlangoni mzee alisimama, akamgeukia Waweru.

"Weka mafuta kwa jenereta. Nitakuwa na wewe kwa simu mpaka mwisho. Kevin akiwa wangu, nakuambia umfungue huyu mama aende kwake. Nikikuambia washa, unawasha. Usisikize mtu mwingine, hata akilia. Ni sauti yangu tu."

"Sawa, Mzee." Waweru akatema damu, akamtazama Lynette. "Mimi hata naomba useme washa."

Hivyo ndivyo Cyril alivyomwacha mke wake.

Barabarani pikapu ilipita mahali penye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko kwingine. Wanyoike akapunguza mwendo.

"Ni hapa aligongwa. Tulimzika na kiatu moja. Ile ingine tulitafuta kwa mtaro, tukatafuta kwa shamba za watu. Haikuonekana." Kisha akakanyaga mafuta mpaka mjini.

Uteuzi ulifanyika ghorofa ya juu, kwenye jengo la maduka, ndani ya chumba ambacho Jumapili huwa kanisa. Viti vya plastiki, soda, shuka nyeupe imetundikwa ukutani, na picha ya kompyuta ikiangaza juu yake. Wenye timu walikuwa wamefika na mashabiki wao. Nje matuta ya mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji, joto la mchana likiwafanya watu wapepee kwa vitabu vya nyimbo.

Madam Jeruto alikuwa mbele na kompyuta yake, miwani imeshuka puani. Alifundisha shule kabla ya kufungua cyber, na bado anamtazama kila mtu kama amechelewa darasani.

"Cyril! Mkono imefanya nini?"

"Nilijikata, Madam. Na kisu."

"Na mgongo umejikata na kisu pia? Mbona unatembea hivyo?"

Kiwiko cha Wanyoike kilimwingia Cyril mbavuni. "Ni baridi tu, Madam," akasema. Jeruto akamtazama kwa muda, lakini watu walikuwa wanapiga makofi wakitaka kuanza.

Wanyoike aliketi na simu mapajani, Cyril upande wake. Chini ya koti refu, Cyril aliihisi ncha ya panga ikigusa paja lake. Kwenye simu ilisikika pumzi ya Waweru, na nyuma yake, kwa mbali, mwanamke anakohoa.

Kipkirui aliingia wa mwisho. Hakuona haja ya kuvua koti lake la bucha, jeupe lenye damu ya ng'ombe kifuani. Ni mtu mkubwa. Viganja vyake vinaweza kulibeba paja la ng'ombe kila kimoja, nimeviona. Alimpungia Cyril mkono, akaketi akakiumiza kiti.

"Tuko tayari?" Jeruto aliuliza. "Munyaka Nyundo, mlishika mkia, mnaanza. Chaguo la kwanza."

Cyril akafumba macho. Sema Kiprop, ndugu yangu. Sema tu Kiprop.

"Kiprop," Kipkirui akasema.

Cyril aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu Cheptiret. Wanyoike akampapasa goti, taratibu, karibu kwa upendo, akainua simu mdomoni.

"Waweru, kaa tayari kumfungua. Sasa ni sisi."

Lakini Jeruto hakubonyeza. Mkono wake ulikuwa umeganda juu ya kompyuta.

"Kipkirui, una hakika? Kiprop?"

"Mtabiri amesema, Madam. Kwani iko shida?"

"Hapana. Haina shida." Alimtazama Wanyoike kwa macho ya huruma ambayo hakuna aliyeyaelewa. "Nilidhani tu atachukuliwa wa pili."

Akabonyeza.

Kwenye shuka akatokea kijana amewapa mgongo. Fulana ya Munyaka Nyundo, mabega mapana. Akadunda mpira mara chache kwa mkono wa kushoto. Kisha, kama wachezaji wa kompyuta wanavyofanya, akageuka polepole kuwaonyesha uso wake.

Alikuwa na kovu juu ya jicho. Alikuwa anacheka.

Mama mmoja nyuma alipiga ukelele. Kijana fulani akasema, "Aki si huyo ni Kevo?" Watu wakaanza kusimama.

Wanyoike hakusimama. Alitazama kama mtu anayesoma kitu kwa lugha ya wageni. Kovu lile alilijua. Kijana alianguka kutoka juu ya magogo akiwa mdogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkimbiza kushonwa.

"Huyo ni Kevin," alisema. "Huyo ni mtoto yangu."

"Mzee, mimi sikujua..." Cyril alianza.

"Umenichezea." Wanyoike alimgeukia, na macho yake hayakuwa na mtu ndani. "Ulijua. Ulimtoa kwangu ukampa huyu, mbele ya watu."

"Naapa kwa mtoto wangu sikujua! Jina ni Kiprop!"

Wanyoike aliinua simu.

"Washa."

Kule Cheptiret kamba ya jenereta ilivutwa. Ikakohoa. Ikavutwa tena.

Cyril akairukia simu. Wanyoike akamkita kichwa puani, pua ikavunjika kwa sauti ambayo watu wa viti vya mbele waliisikia, akaanguka katikati ya chupa za soda. Jeruto akaja mbio akikanyaga nyaya.

"Mzee Wanyoike! Mzee, unapiga mtu kwa nini? Kosa ni yangu!"

"Kosa gani?"

"Kogo, nyanya yangu, alinikataza kabisa kuandika jina ya kijana amekufa kabla hajapata mtoto. Alisema hiyo ni kumwita. Vidole zangu zilikataa, Mzee. Nikampa Kiprop, jina ya mvua, kwa sababu alienda na mvua. Huyo Kevin mwingine ametengenezwa na kompyuta tu, si mtu. Nilikuwa nangoja sura ifunguke ndio mfurahi!"

Wanyoike alitikisa kichwa. "Hapana. Huyo anatumia kushoto. Kijana yangu alikuwa wa kulia."

Jeruto alivua miwani.

"Mzee," alisema kwa upole, "Kevin alikuwa anacheza na kushoto. Kila mtu hapa anajua."

Kila mtu alijua. Eldoret nzima ilijua, isipokuwa baba yake. Walipomwona Kevin wa kulia kwenye orodha, walidhani tu Madam amekosea kuandika. Nyumbani kijana alikula kwa mkono wa kulia kwa kuogopa kiboko, na Jumamosi alikwenda uwanjani akautoa mkono wake wa kweli, mahali ambapo alikuwa na hakika baba hatafika. Maneno yale yalimwingia Wanyoike nikiwa nimemtazama, na ninawaambia panga lisingemkata vile. Mdomo ukamcheza. Machozi yakamtoka mbele za watu.

Kwenye simu jenereta ilishika. Ikanguruma.

"Mzee!" Cyril alimtambaalia, pua na mdomo vimejaa damu, akamshika miguu. "Umesikia mwenyewe. Hakuna mtu amekuchezea. Mwambie Waweru azime. Mama ya mtoto wangu yuko hapo. Tafadhali, Mzee, neno moja tu."

Wanyoike alimtazama. Akaileta simu mdomoni. Akafungua midomo.

"MTOENI!"

Haikuwa sauti ya Wanyoike. Ilikuwa ya Kipkirui.

Wote walikuwa wamemsahau. Alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, koti lake la bucha limebanwa kwenye saruji, akinyoosha kidole kwenye shuka ambapo kijana alikuwa bado anadunda mpira wake, mpya kabisa, viatu vyote viwili miguuni.

"Mtoeni hapo! Mimi sikumwona! Ilikuwa mvua, alitoka tu mbio kwa barabara, ningefanya nini? Sikumwona!"

"Kipkirui, kaa chini," Jeruto alisema. "Hakuna mtu amekuuliza kitu."

"Amekuja kwa sababu ya kiatu! Si muone, amevaa zote! Kiatu ilibaki kwa bampa yangu, nikafika Munyaka nikaiona, nikatupa kwa mto! Mwambieni nilitupa! Mimi sina kiatu yake!"

Wanyoike aliweka simu sakafuni. Aliiweka taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha chai. Kisha akafungua koti, akatoa panga.

Hapo ndipo watu walipokumbuka mlango ulipo. Viti vikapinduka, wakasukumana kwenye ngazi wakikanyagana, mtu akavunja dirisha. Jeruto alijaribu kusimama katikati. Kipkirui alimsukuma kando, Madam akagonga kichwa kwenye ukingo wa meza ya kompyuta, akalala pale pale bila kutikisika.

Panga la kwanza lilimpata Kipkirui kwenye mkono alioinua kujikinga. Lilifika kwenye mfupa. Damu iliruka ikaipaka shuka, ikampaka Kevin usoni, na Kevin akaendelea kucheka. Panga la pili lilikata koti na nyama ya bega. La tatu halikufika. Kipkirui ameshika fahali waliomzidi nguvu maisha yake yote, na sasa alikuwa anapigania yake. Alikidaka kifundo cha mkono wa Wanyoike, akakipinda mpaka kikalia, panga likaanguka, akamwinua mzee mzima akamtupa sakafuni.

Kisha akamkalia kifuani, akamshika koo kwa mikono yote miwili.

"Nilikuambia sikumwona!" alikuwa analia, damu yake ikimdondokea Wanyoike machoni. "Kwa nini hamsikii? Sikumwona!"

Cyril hakuwa anawatazama. Alikuwa ameifikia simu.

"Waweru! Waweru, zima! Mambo yameisha, Mzee amesema uzime!"

Ngurumo ya msumeno ilikuwa imepanda mpaka ikawa filimbi. Waweru ilibidi apige kelele.

"Hiyo si sauti ya Mzee!"

"Nakuomba, ndugu yangu! Zima!"

"Wewe si Mzee! Mzee aliniambia washa, nimewasha. Na huyu bibi yako ametoa meno yangu. Mpe Mzee simu, aseme mwenyewe. Kama hatasema, mimi nasukuma meza."

Na katikati ya makelele yale Cyril alimsikia Lynette. Hakuwa analia. Alikuwa anaita jina la mtoto wao, "Adero, Adero, Adero," kama mtu anayeogopa kulisahau.

Cyril akageuka.

Kulikuwa na sauti moja tu duniani ya kuuzima msumeno ule, na ilikuwa ndani ya koo la Wanyoike, na koo hilo lilikuwa ndani ya mikono ya Kipkirui. Macho ya mzee yalikuwa yamepinduka meupe. Visigino vyake vilipiga sakafu, vikapunguza, vikapiga tena kidogo.

"Kipkirui! Mwachilie aongee! Mwachilie, mke wangu anakufa!"

Kipkirui hakusikia. Alikuwa Cheptiret, kwenye mvua.

Panga lilikuwa pale pale, kando ya goti la Cyril, mpini umelowa. Mtu huyu hajawahi hata kuchinja kuku. Lynette ndiye huchinja nyumbani. Akaunyoosha mkono wa kulia, kidole kilichokatwa kikagoma kufunga, panga likateleza.

Akalichukua kwa mkono wa kushoto.

"Mzee?" Waweru aliita kutoka kwenye simu sakafuni. "Mzee, husemi kitu? Basi nasukuma."

Cyril akasimama nyuma ya mgongo mpana wa koti jeupe, akaliinua panga.